Kati ya jino la nyoka na mlango wa zahanati

*Aliyegongwa na nyoka au kung'atwa na mbwa hutibiwa mara mbili: kwanza na waliomzunguka, kisha na tabibu. Ile mara ya kwanza ndiyo inayookoa wengi, na ndiyo inayoharibu wengi.*

Ni jeusi tii, lina urefu wa kidole gumba, na ukilishika mkononi ni jepesi kuliko ulivyotarajia. Wengi huliita jiwe la nyoka. Utalikuta limeviringishwa kwenye kitambaa kabatini kwa bibi, kwenye droo ya misheni, au mfukoni mwa mchunga ng'ombe. Mtu akigongwa na nyoka shambani, linafuatwa mbio.

Jeraha linachanjwa kwa wembe mpaka damu ichuruzike. Jiwe linabandikwa pale, linanasa. Mgonjwa akitikisa mguu halidondoki. Baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, linaachia lenyewe, na hapo watu wanashusha pumzi: limekwisha kunyonya sumu. Linachemshwa, linaanikwa, linarudishwa kabatini kumngoja mwingine.

Jiwe hilo ni mfupa. Kipande cha mfupa wa ng'ombe kimekatwa, kikasuguliwa kwa msasa, kikafungwa kwenye karatasi ya foili na kuchomwa kwenye makaa mpaka kikawa mkaa mtupu. Mfupa ulioungua hivyo unabaki na vitundu vidogo visivyohesabika. Ukiugusa kwa ulimi unanata, kwa sababu unafyonza majimaji. Kwenye jeraha hunata kwa damu. Damu ikiujaza na kukauka, unaachia.

Sumu haikai kwenye ngozi kusubiri kufyonzwa. Meno ya nyoka yamefanya kazi ya sindano, yameipeleka chini ndani ya nyama, nayo ndani ya dakika chache imeshaanza kusambaa. Jiwe lililoletwa kutoka nyumba ya tatu limekuta imeshaondoka.

Mbona basi watu wazima wenye akili zao wanaapa kwamba limewaponya? Kwa sababu kweli wamepona. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.7. Hao wengine, yaani nusu au zaidi, waliumwa na nyoka asiye na sumu, au na mwenye sumu ambaye safari hiyo hakuimwaga. Wangepona hata kama wangewekewa kipande cha muhogo. Kila mmoja wao akiwekewa jiwe anakuwa shahidi wa jiwe, na aliyekufa nalo likiwa mguuni husemwa kwamba lililetwa kwa kuchelewa.

> Nusu au zaidi ya wanaoumwa na nyoka hawaingiwi na sumu. Chochote watakachowekewa kitapewa sifa ya kuwaponya.

Kamba juu ya goti

"Mfungeni kamba! Juu ya goti!" Karibu kila mahali, hiyo ndiyo sauti ya kwanza kusikika. Inatafutwa kamba ya katani, mpira wa tairi la baiskeli, kanga iliyochanwa. Mguu unakazwa mpaka unabadilika rangi, na mgonjwa anapofika hospitalini baada ya saa nne au tano, kamba ingali palepale.

Anayefunga anafikiri sawasawa: sumu inapanda, basi izibiwe njia. Lakini kamba inaziba pia damu inayouhuisha mguu. Kwa huku kwetu hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu ya kifutu.

Kifutu ni mnene, mzito, na mvivu wa kuondoka. Nyoka wengi wakisikia mtikisiko wa hatua hujitenga. Yeye hulala njiani akitegemea rangi zake zimfiche kwenye majani makavu, mpaka mtu anamkanyaga. Sumu yake inaua nyama. Mguu unavimba, unatoka malengelenge, ngozi inageuka nyeusi. Ukiifungia sumu ya namna hiyo sehemu moja na kuikatia damu, unaiharakisha kazi yake. Wapo waliokatwa mguu ambao nyoka peke yake asingewafikisha huko.

Kumkimbilia mtu na kuikata kamba kwa kisu njiani nako ni hatari. Sumu iliyorundikana chini inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo. Aliyekwisha kufungwa kwa nguvu apelekwe alivyo, kamba ifunguliwe mbele ya mhudumu mwenye dawa mkononi.

Orodha ya vitu vingine wanavyofanyiwa wagonjwa ni ndefu na inaumiza kuiandika: kuchanjwa chale, kunyonywa kwa mdomo, kumwagiwa mafuta ya taa, kuwekewa barafu, kupigwa shoti ya betri ya pikipiki, kunyweshwa pombe ili atulie. Hakuna hata kimoja kinachoitoa sumu. Chale zina ubaya wa ziada, kwa kuwa sumu za baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda. Mtu aliyechanjwa mara ishirini na damu yake haigandi anavuja kutoka matundu ishirini.

Kinachofaa hakishangazi

Mwondoe mgonjwa alipo nyoka, na umkataze kukimbia. Akae au alale. Mvue pete, bangili, saa, shanga za mguuni na viatu mara moja, kwa maana mguu ukishavimba bangili inakuwa kamba nyingine.

Kisha mguu au mkono ulioumwa ufungwe gango. Kijiti kilichonyooka, rula ya mwanafunzi, hata gazeti lililokunjwa, na kanga mbili za kufungia. Usikaze: kidole kipite chini ya kitambaa bila shida. Sumu nyingi husafiri kwa kusukumwa na misuli inayojongea, kwa hiyo mguu usiotikisika unachelewesha safari hiyo bila kuzuia damu. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa abebwe. Kumtembeza kilomita mbili hadi barabarani ni kumpigia sumu pampu.

Wapo waliosoma kwamba mguu wote uzungushiwe bandeji ya kubana. Njia hiyo ilikuzwa Australia, kwenye nyoka ambao sumu yao hupooza mwili na haiozeshi sana nyama. Kwa koboko inaweza kusaidia ikifanywa na aliyefundishwa. Kwa kifutu inaongeza madhara. Mkulima aliyegongwa gizani hajui ni yupi, kwa hiyo ushauri wangu ni gango, basi.

Akilalamika maumivu apewe parasetamoli. Asipewe aspirini wala dawa za jamii ya diklofenaki, kwa kuwa zinaweza kuongeza kuvuja damu. Akianza kutapika au kusinzia, alazwe ubavu wa kushoto ili matapishi yasimpalie.

Nyoka aachwe aende. Watu wengi hupata jeraha la pili wakimsaka, na kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma. Simu ikipata picha kutoka mbali, vizuri. Isipopata, tabibu atasoma dalili. Kope zinazoshuka zenyewe, kuona vitu viwiliviwili, mate yasiyomezeka, sauti inayokwama: hizo ni dalili za sumu inayopooza, kama ya koboko, na mwenye nazo anaweza kuhitaji kusaidiwa kupumua kabla ya jambo lingine lolote. Mguu unaovimba kuelekea nyongani ni habari nyingine. Fizi zinazotoka damu ni nyingine tena.

Swila mtema mate ana mambo yake. Akikulenga machoni, kinachohitajika ni maji, mengi, yakimiminwa robo saa nzima huku kope zimefunguliwa. Usifikiche. Maji yakikosekana, hata maziwa yatafaa, ila hayana nguvu yoyote ya kipekee. Kazi yake ni kuosha tu.

Dakika 20 na kichupa cha kioo

Kuna kipimo kimoja ambacho kila zahanati nchini inaweza kukifanya leo bila umeme wala mashine, na inasikitisha kuona hakijulikani zaidi.

Mhudumu anachota mililita 2 za damu ya mgonjwa na kuziweka kwenye kichupa cha kioo, kikavu, kipya au ambacho hakikuoshwa kwa sabuni, maana mabaki ya sabuni huharibu majibu. Kinawekwa mezani, hakiguswi, saa inatazamwa. Zikitimia dakika 20 kichupa kinainamishwa mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya inakuwa imeganda kama jeli, haimwagiki. Ikitiririka kama maji, sumu imeshaharibu mfumo wa kugandisha damu, na mgonjwa huyo anahitaji dawa ya sumu ya nyoka sasa hivi, hata kama anazungumza na kucheka.

Damu ikiganda haina maana kwamba amesalimika. Sumu ya koboko haigusi damu kwa namna hiyo. Ndiyo maana hata asiye na dalili hukaa chini ya uangalizi saa 24, na jamaa wanaoshinikiza arudi nyumbani usiku uleule wanahitaji kuelezwa hivyo kwa upole.

Jeraha dogo la mbwa

Nyoka humtisha mtu mpaka akimbilie msaada, hata kama ni msaada mbovu. Mbwa hatishi kiasi hicho. Mtoto anarudi kutoka dukani na matundu mawili kwenye shavu la mguu, damu kidogo, machozi kidogo. Mbwa mwenyewe ni wa jirani. Mtoto anapakwa mafuta, analala. Wiki tatu baadaye kidonda kimepona na hakuna anayekikumbuka.

Virusi vya kichaa cha mbwa havina haraka. Vikiingia kwenye nyama hushika mshipa wa fahamu na kuupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki moja, inaweza kupita mwaka. Aliyeumwa usoni ana njia fupi kuliko aliyeumwa kisiginoni. Siku mgonjwa anapoanza kuogopa maji na kushtushwa na upepo wa feni, karibu hakuna tiba duniani inayomrudisha.

Katika miezi hiyo ya ukimya, ugonjwa unazuilika karibu kabisa. WHO linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, asilimia 95 vikiwa Afrika na Asia, na wanne kati ya kila kumi wanaokufa ni watoto wasiofikisha miaka 15. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulipiga hesabu kwa kufuatilia watu walioumwa na mbwa, ukakadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Vilivyoandikwa kwenye vitabu vya serikali vilikuwa vichache mno vikilinganishwa na hivyo. Wengi hufia nyumbani, wakisemwa wamerogwa au wamepatwa na malaria ya kupanda kichwani.

> Kati ya siku ya kuumwa na siku ya dalili kuna wiki, mara nyingi miezi. Sabuni na chanjo vina nafasi yao hapo. Baadaye havina tena.

Huduma ya kwanza ni kipande cha sabuni ya kufulia. Virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na povu, dakika 15 kamili.

Dakika 15 ni nyingi kuliko zinavyosikika. Jaribu kumshikilia mtoto wa miaka sita chini ya dumu la maji muda wote huo. Baada ya dakika mbili jeraha linaonekana safi, mtoto analia, mama anataka kuacha. Asiache. Povu liingie kwenye kila tundu la jino, maji yapitishwe tena, sabuni tena. Saa iwekwe mbele ya macho, mmoja ashike mtoto na mwingine amimine. Baada ya hapo jeraha lipakwe ayodini au spiriti kama ipo, lisishonwe, lisifunikwe kwa kubana. Pilipili, chumvi, majivu, maji ya betri na utomvu wa majani havifai. Vinachubua nyama na kuvifungulia virusi njia.

Kuosha hakuondoi haja ya chanjo. Hapa kuna hofu ya zamani ambayo bado inawazuia watu: sindano za tumboni. Zilikuwepo kweli. Chanjo ya kale ilitengenezwa kutokana na ubongo na uti wa mgongo wa wanyama, na mtu alidungwa siku kumi na nne au zaidi mfululizo. WHO lilipendekeza iachwe tangu mwaka 1984. Ya sasa hudungwa begani, na ratiba fupi zaidi inayokubalika na shirika hilo ni ya safari tatu: siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3 na baada ya siku 7. Aliyepata jeraha lililotoa damu anahitaji pia kingamwili, zinazodungwa ndani na kandokando ya jeraha lenyewe siku ileile ya kwanza.

Mbwa asiuawe na kutupwa. Kama anaweza kufungwa salama, atazamwe siku 10. Akiwa bado mzima baada ya hapo, siku ile hakuwa na virusi kwenye mate, na tabibu anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Lakini chanjo ianze bila kusubiri siku hizo kumi. Mbwa akifa au akiuawa, afisa mifugo aarifiwe, kwa kuwa kichwa chake ndicho kinachopimwa maabara. Umri wa mbwa si kinga, hata mtoto wa mbwa huambukiza. Paka pia, na fisi, na mbweha. Mkwaruzo, au ulimi uliopita juu ya kidonda kibichi, nao uhesabiwe.

Kwa nini wengi huanzia kwa mganga

Wataalamu wa afya husema, na ni kweli, kwamba mgonjwa aliyepitia kwa mganga wa kienyeji hufika kwao akiwa amechelewa. Waganga nao hujibu kwamba wao wako kijijini saa nane za usiku, hawadai fedha kabla ya kumgusa mgonjwa, na dawa yao haijawahi kuisha. Sioni jinsi ya kulikwepa jibu hilo.

Chukua dawa ya sumu ya nyoka. Inatengenezwa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo kwa miezi, kisha kuchukua kingamwili kutoka kwenye damu yake. Ni kazi ya gharama, na wanaoihitaji ni wakulima na wafugaji wasio na fedha. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza dawa yake ya Fav-Afrique mwaka 2014, na chupa za mwisho zilikwisha muda wake Juni 2016. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika. Mtengenezaji wa Afrika Kusini, ambaye dawa yake imetegemewa sana ukanda huu, naye amepitia vipindi vya uhaba.

Pengo hilo liliingiliwa na dawa za bei nafuu, nyingine zikiwa zimetengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia. Hata kabla ya pengo hilo, Ghana ilipobadilisha dawa kwa namna hiyo, vifo katika hospitali zilizofuatiliwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi asilimia 12.1 ya walioumwa. Lebo ilisema dawa ya nyoka; nyoka hakuwa yule.

Mwaka 2017 WHO liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo 2030. Vifo vinakadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka, na waliobaki na kiungo kilichokatwa au ulemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao. Nairobi, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen wanashughulika na dawa zinazolingana na nyoka wa huku. Watamu, shamba la nyoka la Bio-Ken, lililoanzishwa mwaka 1980 na marehemu James Ashe na mkewe Sanda, limekuwa kimbilio la walioumwa katika Kilifi. Karibu na Arusha, bustani ya nyoka ya Meserani ina zahanati yake. Ni juhudi za kuheshimika, lakini inauma kwamba mgonjwa analazimika kubahatisha kuishi karibu na bustani ya nyoka ili apate tiba.

Chanjo ya kichaa nayo hupatikana zaidi hospitali za wilaya na mikoa, na familia nyingi huilipia kutoka mfukoni, pamoja na nauli za kwenda na kurudi mara tatu. Mzazi anauza mbuzi kwa dozi ya kwanza. Ya pili inamshinda. Kumwita mzembe ni kumwonea.

Nafuu ipo ya aina mbili. Chanjo ikidungwa ndani ya ngozi badala ya kwenye msuli, kila tundu linahitaji mililita 0.1 tu, hivyo chupa ya mililita 0.5 inatoa dozi ndogo tano. Chupa ikifunguliwa haidumu zaidi ya saa chache, kwa hiyo njia hii inafaa zaidi panapofika wagonjwa kadhaa siku moja, na hospitali inaweza kupanga hivyo. Pili, muungano wa chanjo wa Gavi, uliokubali mwaka 2018 kugharimia chanjo hii kwa nchi zinazostahili, ulifungua mlango wa maombi mwaka 2024. Wasomaji wana haki ya kuwauliza wabunge wao nchi yetu imefikia wapi.

Risasi au sindano

Mtoto akifa kwa kichaa, mara nyingi kijiji kinadai mbwa wote wanaozurura wapigwe risasi au wawekewe sumu. Hasira hiyo naielewa. Haisaidii. Mbwa wakipungua, wapya huhamia, na aliyeuawa huenda alikuwa ameshachanjwa. Ushahidi wa miongo mingi unaonyesha kwamba mbwa wakichanjwa kufikia asilimia 70, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Pemba ilionyesha hivyo. Baada ya kampeni za kuchanja mbwa, kichaa kilitoweka kisiwani mwaka 2014. Kampeni zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukarudi, ukiingizwa kutoka bara mara mbili, kama uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulivyobainisha baadaye. Kisiwa kizima kikachanja upya, na kufikia mwishoni mwa 2018 ulikuwa umekwisha tena. Kandokando ya Serengeti kazi hiyo imeendelea tangu miaka ya 1990. Siku ya chanjo utaona watoto wakipanga foleni kwenye uwanja wa shule, kila mmoja akivuta mbwa wake kwa kamba ya katani, wengine wakivutwa na mbwa.

Nyuki, nge na taa

Kwa nyuki, kasi ndiyo tiba. Mwiba unapobaki ngozini, kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu, kwa hiyo ukwangue au ukamue, vyovyote, ila sasa hivi. Mwiba huo pia hutoa harufu inayowaita wenzake. Ondoka haraka, funika uso, ingia ndani ya nyumba au gari. Usipige mikono hewani. Aliyeumwa akivimba midomo, akianza kukoroma kifuani au kizunguzungu kikimshika, huyo hahitaji kupakwa kitunguu. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani, na kila zahanati iwe nayo.

Nge wengi wa huku humtesa mtu mzima kwa maumivu ya usiku mmoja. Maji ya baridi na dawa ya maumivu hutosha. Mtoto mdogo apelekwe hospitali bila kungoja.

Wavuvi na watoto wa pwani wanaochomwa na mwiba wa samaki aitwaye taa wana dawa jikoni: maji ya moto. Mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia, karibu nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Sumu ya taa huharibika kwa joto. Mwenye kuyapima maji awe mtu mwingine, au mguu mwingine, maana uliochomwa hausikii vizuri na unaweza kuunguzwa. Mwiba ukiwa umezama kifuani au tumboni usichomolewe. Hospitali ndiyo itakayouchomoa.

Pikipiki ya usiku

Mfano ambao ningependa kila mtendaji wa kijiji ausikie unatoka kusini-mashariki mwa Nepal. Eneo la Damak lilikuwa na kituo chenye dawa ya sumu ya nyoka, lakini wagonjwa walikuwa wakifia njiani. Vijiji vikapanga vijana wenye pikipiki, zamu usiku na mchana, na namba zao zikajulikana nyumba kwa nyumba. Aliyegongwa aliketishwa katikati, dereva mbele, jamaa nyuma akimshikilia. Wakati huohuo watu walifundishwa waache kamba na wembe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta vifo vimeshuka kutoka asilimia 10.5 ya walioingiwa na sumu hadi asilimia 0.5.

Bodaboda tunazo, pengine kuliko Damak. Kinachokosekana ni makubaliano yanayofanywa mapema: dereva yupi anaamka saa nane za usiku, nauli yake inalipwa na mfuko upi wa kijiji, na barabara ipi haipitiki masika. Hayo yanaweza kuamuliwa kwenye mkutano mmoja wa hadhara, na namba ikaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji.

Namba ya pili iandikwe chini yake, ya hospitali ya wilaya. Mmoja apige wakati wengine wakifunga gango, aulize kama dawa ya nyoka au chanjo ya kichaa ipo leo. Ikiwa imekwisha, aulize iko hospitali gani, ili dereva ageuze njia kabla hajatoka kijijini.